Mbegu chache, mishipa ya korodani iliyopanuka na sindano za testosteroni: nikubali upasuaji?

Swali: Daktari, shikamoo. Nina miaka 34, mke wangu ana 31. Tunatafuta mtoto mwaka wa tatu sasa, miaka miwili na nusu kamili, bila kutumia uzazi wa mpango wowote, na mimba haijaingia. Mke wangu amepimwa: hedhi yake inakwenda vizuri na mirija iko wazi. Mimi nimepima mara moja tu. Majibu yalisema ujazo mililita 1.2, mbegu milioni 6 kwa kila mililita, zinazokwenda mbele asilimia 20, zenye umbo zuri asilimia 2. Ultrasaundi ikaonyesha mishipa ya damu ya korodani ya kushoto imepanuka, nikaambiwa nifanyiwe upasuaji mwezi huu. Sampuli niliitoa nyumbani, kidogo ikamwagika mwanzoni, halafu nikakaa kwenye foleni kama saa moja na nusu. Niseme ukweli pia: kwa miezi minane sasa mwalimu wangu wa mazoezi amekuwa akinichoma sindano za testosteroni kwa ajili ya kujenga mwili na kuongeza nguvu. Mke wangu hajui. Natumia pia vidonge vya zinki vya kuongeza mbegu. Ujanani niliwahi kuugua kisonono, nikapona. Na siku hizi naamka usiku mara mbili tatu kukojoa. Je, ni tezi dume? Mimi ni mgumba? Nikubali kisu?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na lile unalotaka kulijua kwanza: usikubali kisu mwezi huu. Sisemi upasuaji huo haufai. Huenda baada ya mwaka nikawa wa kwanza kukuambia nenda kafanye. Ninachosema ni kwamba kwa majibu uliyo nayo mkononi, hakuna daktari anayeweza kujua kama mishipa hiyo ndiyo inayokuharibia mbegu, kwa sababu mwilini mwako kuna dawa ambayo peke yake, bila msaada wa ugonjwa wowote, inaweza kuzimaliza mbegu zote. Dawa hiyo ni testosteroni unayochomwa. Nashukuru umeitaja, maana wanaume wengi huificha hata daktari anapowauliza ana kwa ana.

Najua hili linashangaza. Testosteroni si ndiyo homoni ya kiume? Iweje iue mbegu? Sikiliza mwili unavyofanya kazi. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo, pituitari, inayotoa homoni mbili ziitwazo LH na FSH. LH huziamuru korodani zitengeneze testosteroni, na FSH huchochea utengenezaji wa mbegu. Sasa, testosteroni iliyomo ndani ya korodani ni nyingi mno kuliko ile inayozunguka kwenye damu, mara kadhaa wa kadhaa, na mbegu haziwezi kukomaa bila wingi huo wa humo ndani. Unapochomwa sindano, damu inajaa testosteroni ya nje. Ubongo unaona kiwango kiko juu na unakata LH na FSH. Korodani zinaacha kutengeneza testosteroni yao, kiwango cha ndani kinaporomoka, na mbegu zinakosa kinachozikomaza. Huku nje misuli inatuna, hamu ya tendo ipo, uume unasimama kama kawaida, na wewe unajiona dume kamili. Ndiyo maana mtu hashtuki. Dalili pekee anayoweza kuiona ni korodani kuwa ndogo na laini kuliko zamani, na wachache sana wanaojikagua.

Jambo hili si nadharia ya vitabuni. Mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani lilichapisha matokeo ya utafiti ambao wanaume wenye afya njema walichomwa miligramu 200 za testosteroni kila wiki, makusudi kabisa, ili kuona kama inafaa kuwa njia ya uzazi wa mpango. Ndani ya miezi sita zaidi ya nusu yao hawakuwa na mbegu hata moja kwenye manii. Kwa hiyo sindano unayochomwa gimu ili uwe mwanaume zaidi ilikwishajaribiwa kama kizuia mimba.

Lakini kuna hesabu moja hapa ambayo haikubali kupuuzwa. Sindano umeanza miezi minane iliyopita, na mimba mmeitafuta miaka miwili na nusu. Kabla ya sindano ya kwanza ilikuwa imeshapita karibu miaka miwili mtupu. Maana yake sindano haiwezi kubeba lawama yote. Inawezekana tatizo la mwanzo ni hiyo mishipa, inawezekana ni kovu la kile kisonono, inawezekana mbegu zako zilikuwa sawa tu na mkakosa bahati. Sindano imekuja kulala juu ya hayo yote na kuyafunika. Kila kipimo utakachofanyiwa sasa kitasoma sindano kwanza. Ndiyo sababu nasema iondoke kwanza, kisha tuone kilichobaki.

Namna ya kuiacha nayo ina utaratibu wake. Kabla hujafanya lolote, nenda kwa daktari wa mfumo wa mkojo na uzazi wa wanaume, au wa homoni, akupime damu asubuhi: testosteroni, LH, FSH, na wingi wa chembe nyekundu za damu. Hiki cha mwisho wengi hukisahau, ilhali testosteroni ya sindano huongeza chembe nyekundu hadi damu ikawa nzito kupita kiasi, na damu nzito huganda upesi. Ukikuta LH na FSH ziko chini kabisa, basi ubongo umezimwa na sindano. Hiyo, amini usiamini, ni habari njema, kwa sababu kilichozimwa mara nyingi huwashwa tena. Ukikuta FSH iko juu hata wakati unachomwa, hilo ni jambo jingine: korodani zenyewe zina hitilafu na ubongo unazipigia kelele bila kuitikiwa.

Ukiacha, jiandae kwa wiki kadhaa, pengine miezi, ambazo si nzuri. Sindano imetoka, korodani bado zimelala, kwa hiyo mwili unabaki na testosteroni kidogo kuliko hata ulipoanza. Utachoka ovyo, hamu itashuka, uume unaweza kugoma, moyo utakuwa mzito. Hapo ndipo wengi hukimbilia kwa yule yule aliyewachoma, wakaambiwa, "Unaona? Mwili wako unaihitaji." Si kweli. Ni pengo la kuachia dawa, na lina tiba. Zipo sindano za hCG, ambazo hufanya kazi ya LH na kuziamsha korodani moja kwa moja, na kipo kidonge cha klomifeni kinachousukuma ubongo uanze tena kutoa homoni zake. Zote mbili zinaandikwa na kufuatiliwa na daktari kwa vipimo vya damu. Usikubali mchanganyiko wa kusafishia mwili unaouzwa na watu wa gimu.

Mbegu hurudi lini? Kutengeneza mbegu moja tangu mwanzo hadi ikomae huchukua siku zinazokaribia 74, na baadaye inakaa siku kadhaa kwenye mrija ulioko nyuma ya korodani kabla ya kutoka. Ndiyo maana katika matibabu yote ya uzazi wa mwanaume tunahesabu kwa miezi mitatu mitatu. Kwa walioacha testosteroni, wengi huona mbegu zikirejea ndani ya miezi sita hadi mwaka, wengine huhitaji hadi miaka miwili, na wachache hawafiki tena pale walipokuwa. Muda uliotumia, kiwango ulichochomwa na hali yako kabla ya kuanza ndivyo vinavyoamua. Miezi minane si mirefu sana. Nimeona waliokaa nayo miaka.

Turudi kwenye karatasi ya maabara, maana naona umeisoma kama hukumu. Viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2021 ni hivi: ujazo wa manii mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa mililita, jumla ya mbegu zote kwa mshindo mmoja milioni 39, zinazokwenda mbele asilimia 30, zenye umbo la kawaida asilimia 4. Namba hizi zilitoka kwa wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya miezi 12. Walipangwa kutoka wa chini hadi wa juu, na mstari ukachorwa pale ambapo watano katika kila mia wanabaki chini. Hebu iangalie tena sentensi hiyo: hao watano walio chini ya mstari nao wamezalisha. Kwa hiyo mstari huo hautenganishi mgumba na mzazi. Unakuambia tu kwamba ukiwa chini yake safari inaweza kuwa ndefu, na sababu itafutwe.

Kuhusu ile asilimia 2 ya umbo, nakuomba usipoteze usingizi. Kiwango chenyewe ni 4! Mwanaume mwenye watoto sita akipimwa anaweza kuambiwa mbegu zake 95 kati ya 100 zina kasoro ya kichwa, shingo au mkia. Kati ya namba zote kwenye karatasi ile, hii ndiyo inayowatisha watu zaidi na kueleza kidogo zaidi.

Namba ninayoitazama mimi ni jumla. Zidisha ujazo wako kwa wingi: 1.2 mara 6 ni milioni 7.2, dhidi ya 39. Hiyo ni chini, sifichi. Lakini sampuli yenyewe ilikuwa mbovu kabla haijafika kwenye hadubini. Umesema iliyomwagika ni ile ya mwanzo. Manii hayatoki yakiwa yamechanganyika sawasawa. Matone ya kwanza ndiyo yanayobeba mbegu nyingi, na yanayofuata ni maji maji kutoka kwenye vifuko vya manii. Ukipoteza tone la kwanza umepoteza sehemu kubwa ya hesabu. Halafu saa moja na nusu kwenye foleni: sampuli inatakiwa ianze kuchunguzwa ndani ya saa moja, ikiwezekana nusu saa, na iwe imehifadhiwa karibu na joto la mwili. Mbegu zilizosubiri huchoka, na asilimia ya zinazokwenda mbele hushuka. Kwa hiyo ile 20 yako siiamini, na 6 naiamini nusu nusu.

Utakaporudia, fanya hivi. Usitoe manii kwa siku zisizopungua mbili wala kuzidi saba, na siku hizo ziandikwe kwenye fomu. Omba chumba cha kutolea sampuli pale pale maabara. Kama hakuna, toa nyumbani kwa mkono, bila sabuni, mafuta wala mate, usitumie kondomu ya kawaida kwa sababu mara nyingi ina kemikali zinazoua mbegu, funga kikopo, kiweke mfukoni kwenye nguo ya ndani, nenda moja kwa moja. Kikimwagika hata tone, sema. Fundi mzuri wa maabara ataandika au atakuambia uje siku nyingine. Na kama umeugua homa kali miezi miwili mitatu iliyopita, taja pia, maana homa peke yake huangusha mbegu. Pima moja sasa tuwe na pa kuanzia, nyingine miezi mitatu baada ya sindano ya mwisho, nyingine tena ikifika sita. Ikitokea mbegu zimeshuka chini ya milioni 5 kwa mililita na hazipandi hata baada ya homoni kurejea, daktari ataomba vipimo vya vinasaba. Wako wanaume wanaozaliwa na kromosomu X ya ziada, kiasi cha mmoja katika kila wavulana 600, na wengi wao hawajui hadi siku wanapotafuta mtoto.

Sasa mishipa. Jina lake la kitabibu ni varikoseli: vena zinazorudisha damu kutoka kwenye korodani zinatanuka, vali zake zinashindwa, damu inajikusanya. Karibu mara zote ni upande wa kushoto, kwa sababu vena ya kushoto ni ndefu na inamwaga kwenye vena ya figo kwa pembe mraba, wakati ya kulia inaingia kwa mshazari kwenye vena kubwa ya tumbo. Korodani zinapenda kuwa na ubaridi wa nyuzi mbili hadi nne chini ya joto la mwili, na damu ya moto iliyotuama inaondoa ubaridi huo. Hiyo ndiyo njia inayoaminika zaidi ya madhara yake.

Hata hivyo, kiasi cha wanaume 15 katika kila 100 wanayo, na wengi wao ni baba za watu. Miongoni mwa wanaume waliokosa mtoto wa kwanza, wenye nayo hufika 35 hadi 40 katika kila 100. Inaharibu, ndiyo, ila si kwa kila mtu. Ndiyo maana kuikuta hakutoshi kuipasua.

Na hapa kuna swali ambalo barua yako haikulijibu: je, kuna daktari aliyekushika? Umesema ultrasaundi ilionyesha. Varikoseli inayohesabika kwa ajili ya upasuaji ni ile inayopatikana kwa mkono. Daktari anakusimamisha kwenye chumba chenye joto la kutosha, kwa sababu kwenye baridi mfuko wa korodani hujikunja na kuficha kila kitu. Anashika juu kidogo ya korodani, ulipo ule uzi unaoishikilia, anakuambia ujikaze kama mtu aliyefunga choo. Ikiwa kubwa anaiona kwa macho kabla hajagusa. Ya wastani anaipata kwa vidole ukiwa umesimama tu, laini na yenye kujiviringa kama mfuko wa minyoo. Ndogo hujitokeza pale tu unapojikaza. Kisha anakulaza chali, nayo inatakiwa inywee. Ile inayoonekana kwenye mashine pekee, ambayo mkono hauipati, haina faida kupasuliwa. Miongozo ya madaktari wa mkojo imelisema hili wazi, na bado watu wanapelekwa chumba cha upasuaji kwa picha tu.

Nitakachokubaliana nacho ni hiki: kama baada ya sindano kutoka mwilini na homoni kurejea mbegu bado ni chache, na mkono unaipata varikoseli, na shemeji hana tatizo lolote, basi upasuaji ni chaguo zuri. Uulize utafanywa kwa njia gani. Bora zaidi ni tundu dogo chini ya kinena kwa kutumia hadubini ya upasuaji, kwa sababu daktari anaona mishipa midogo ya limfu na ateri ya korodani na kuiacha salama, akafunga vena tu. Limfu zikifungwa kwa bahati mbaya, maji hujikusanya ukapata busha. Ateri ikiumia, korodani inaweza kusinyaa. Vena ikisahaulika, tatizo linarudi. Ipo pia njia ya kuziba vena kwa ndani kupitia mrija mwembamba unaoongozwa na eksirei, bila kupasua korodani wala kinena. Kwa vyovyote vile, manii huanza kubadilika baada ya miezi mitatu hadi sita. Wengi huona namba zikipanda, si wote, na namba kupanda si sawa na mimba.

Umri wa mkeo ndio unaonipa ujasiri wa kukwambia usubiri. Ana miaka 31. Angekuwa na 38 jibu langu lingekuwa tofauti: ningewapeleka wote wawili kliniki ya uzazi sasa hivi, kwa sababu mayai hayasubiri korodani ziamke. Huko ipo njia ya kuingiza mbegu moja ndani ya yai moja kwa sindano, iliyoleta mimba za kwanza mwaka 1992 na tangu hapo ikabadilisha kabisa maana ya kuwa na mbegu chache. Hata mwanaume asiye na mbegu kwenye manii wakati mwingine huzaa kwa mbegu zilizochukuliwa ndani ya korodani. Ni gharama na ni kazi nzito kwa mwili wa mwanamke, kwa hiyo si pa kukimbilia mkiwa na muda. Lakini neno "mgumba" ulilolitumia, kwa mtu mwenye mbegu milioni 7 kwenye sampuli iliyomwagika, mimi silitumii.

Kisonono sitakaa nacho sana. Kisipotibiwa vizuri, au kikiambatana na klamidia ambayo mara nyingi haina dalili, kinaweza kuacha kovu kwenye mrija wa nyuma ya korodani na kuuziba. Wewe una mbegu kwenye manii, kwa hiyo si pande zote mbili zilizoziba. Upande mmoja unaweza kuwa umeziba. Omba kipimo cha mkojo cha kutafuta vinasaba vya vimelea hivyo, na maabara ikuangalizie chembe nyeupe za damu kwenye manii. Zikizidi milioni 1 kwa mililita kuna uvimbe au maambukizi. Kikipatikana kitu, mnatibiwa wote wawili siku moja. Usinunue antibayotiki kwa kubahatisha.

Zinki nayo. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani uliohusisha wanaume 2,370 kutoka kwenye ndoa zilizokuwa zikitafuta mtoto. Nusu walipewa zinki na asidi ya foliki kwa miezi sita, nusu wakapewa vidonge vitupu bila wao kujua. Watoto waliozaliwa: asilimia 34 kwa waliopewa dawa, 35 kwa waliopewa vidonge vitupu. Waliopewa dawa waliumwa matumbo zaidi, basi. Pesa ya vidonge hivyo kanunulie kipimo cha homoni. Na kama una vidonge vingine vya "asili" vya nguvu za kiume ambavyo hukuvitaja, fahamu kwamba vingi vya aina hiyo vikichunguzwa hukutwa vimechanganywa kimyakimya na sildenafili. Hiyo husimamisha uume, haiongezi mbegu hata moja, na kwa mtu anayetumia dawa za nitrati za moyo inaweza kushusha presha hadi akafa.

Kukojoa usiku katika umri wako si tezi dume kukua. Hiyo ni shughuli ya kuanzia miaka ya 50 hivi. Anza na kipimo cha sukari. Kisukari huamsha watu usiku kukojoa, na kikikaa muda mrefu huharibu neva hadi manii yakarudi nyuma kwenye kibofu badala ya kutoka, jambo linaloweza kueleza ujazo mdogo. Kama sampuli ijayo nayo itakuwa chini ya mililita 1.4 bila kumwagika, daktari atakuomba mkojo mara baada ya kutoa manii atafute mbegu humo. Pima na mkojo wa kawaida kwa maambukizi. Halafu jiulize unakunywa nini baada ya saa mbili usiku. Chai, kahawa, pombe na vile vinywaji vya kuongeza nguvu vya gimu vyote vinakojoza. Testosteroni ya nje pia huweza kukufanya ukorome na kukatika pumzi usingizini, na watu wa namna hiyo huamka kukojoa sana. Muulize mkeo kama unakoroma.

Mambo machache hayasubiri miezi mitatu. Maumivu makali ya ghafla ya korodani moja: kimbia hospitali saa hiyo hiyo, huenda imejisokota, na baada ya saa sita hivi uwezekano wa kuiokoa unapungua haraka. Kivimbe kigumu kwenye korodani, hata kama hakiumi, na hasa kama hakiumi: kipimwe wiki hiyo hiyo, kwa sababu saratani ya korodani hupenda umri wako na hutibika vizuri ikiwahiwa. Mishipa iliyojitokeza ghafla, au upande wa kulia peke yake, au isiyonywea ukilala: ultrasaundi ya tumbo ifanywe kuangalia figo. Damu kwenye mkojo nayo haina udogo.

La mwisho ni lile la mkeo kutojua. Mwambie, na umwambie kabla ya miadi. Si kwa sababu ya maadili tu. Amekwishapimwa mirija, kipimo chenye maumivu, na kliniki itamuuliza yeye maswali yale yale. Tena msiache kukutana kitandani mkingoja majibu. Mara moja kila baada ya siku mbili au tatu inatosha, hasa siku sita zinazoishia siku yai linapotoka. Mbegu chache si sifuri, na testosteroni, pamoja na yote niliyosema, si kinga ya uhakika ya mimba. Na siku ya kwenda kwa daktari, omba yule mwalimu akupe chupa tupu ya ile dawa, au ipige picha lebo yake pande zote. Testosteroni ya enanthati huisha mwilini ndani ya wiki chache, ya andekanoati hukaa miezi kadhaa, na bila kujua ipi ulichomwa hatujui tuanze kuhesabu ile miezi mitatu tangu siku gani. Kama chupa haina lebo, ibebe hivyo hivyo.